Anayetaja Ugonjwa na Kupokea Pesa

Mwanzoni mwa mwaka 2011, safari iliyozungumzwa kuliko zote kwenye vijiwe vya Dar es Salaam, kuanzia Tandika hadi Mwananyamala, ilikuwa ya kwenda Samunge, Loliondo. Huko mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilikuja kumwita Babu, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kikombe kimoja kinatosha kwa kisukari, kansa, Ukimwi na magonjwa mengine sugu. Nauli ya kutoka Dar ilizidi bei ya kikombe zaidi ya mara mia, foleni ya magari ikapimwa kwa kilomita, na wagonjwa kadhaa walifia njiani wakisubiri zamu. Mawaziri walikunywa. Wabunge walikunywa. Wiki chache baadaye, Mei 20, akafariki Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Magomeni Mwembechai, ambaye kuelekea uchaguzi wa 2010 alitabiri kwamba mwana-CCM atakayejitokeza kupambana na Rais Kikwete ndani ya chama angekufa ghafla. Utabiri ule ulijadiliwa magazetini kama habari ya siasa, na wapo waliouogopa kweli.

Nawataja wawili hawa ili tusidanganyane kwamba mambo haya ni ya watu wasiosoma. Mmoja alikuwa Mlutheri, mwingine Mwislamu. Mmoja porini, mwingine katikati ya jiji. Na wateja wa wote wawili walifika kwa magari ya kila aina. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulikuta asilimia 93 ya Watanzania waliohojiwa wanaamini kuna uchawi. Kiwango hicho hakiwezi kuwa cha mabibi wa vijijini peke yao. Ndani yake wamo mhasibu, mwalimu, nesi na polisi.

Leo biashara hii imepanuka. Ukipita Mbagala Rangi Tatu, soma nguzo za umeme: mganga kutoka Sumbawanga, mwingine kutoka Pemba, mwingine kutoka Nigeria, wanarudisha mpenzi, wanafungua nyota ya biashara, wanamaliza kesi, na malipo ni baada ya kufanikiwa. Upande wa pili wa jiji, Mbezi Beach na Tegeta, kijana aliyesoma hatasogelea nguzo hiyo, lakini kwenye simu yake ananunua mawe ya kioo ya kutuliza nafsi na kulipia kusomewa kadi za tarot. Anadhani amefanya jambo jipya. Bibi yake wa Bagamoyo angemcheka, kwa kuwa pete ya akiki ya kuzuia husuda imevaliwa pwani hii tangu majahazi ya Yemen, na bao la ramli lina maumbo yake 16 ya nukta moja na nukta mbili, kama tarot ilivyo na kadi zake 78. Kote huko mwaguzi anapewa alama chache na anajaza yaliyobaki kwa kumsoma mteja usoni. Kuhusu nguvu za mawe, niseme hivi tu: Saniniu Laizer wa Mererani alipouza vipande viwili vya tanzanite mwaka 2020 kwa Sh bilioni 7.7, alizungumzia kujenga shule. Sikumsikia akisema jiwe lilimponya maumivu ya mgongo, na sidhani kama yupo mtu aliyekaa na mawe hayo kwa karibu kuliko mchimbaji.

Mvaa akiki hanisumbui, wala mwenye jiwe la zambarau chini ya mto. Hanisumbui hata anayekunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe kisha zikaoshwa kwa maji ya waridi. Anapata faraja yake, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mama anayefukiza ubani Alhamisi jioni nyumbani kwake Buza hajamdhuru mtu. Serikali isiingie humo.

Kinachonisumbua kinakaa chini ya mwavuli, jirani na kituo cha daladala. Kuna meza ndogo yenye kompyuta mpakato, na waya uliounganishwa na kipande cha chuma kinachoshikika kwa kiganja. Anayeendesha amevaa koti jeupe. “Shika hapa, mama. Usiongee, mashine inasoma.” Mama anashika. Haitoki damu wala mkojo, haipiti hata dakika mbili, karatasi inatoka: ini, figo, mifupa, vitamini, mzunguko wa damu, vyote vimepewa namba, na zilizo mbaya zimewekewa rangi. Maandishi ni ya Kiingereza. Kijana anatafsiri kwa sauti ya upole: figo zako zimeanza kuchoka, mama, na kizazi kina uchafu. Dawa ya figo ipo. Ya kizazi pia ipo. Ziko kwenye mkoba chini ya meza hiyohiyo.

Mashine hizi za kushika kiganjani zimeenea kutoka China, na hakuna maabara ya hospitali inayopima figo kwa kumshikisha mgonjwa chuma. Ni ramli, ila bao limekuwa kioo cha kompyuta. Na ina hatari zaidi kuliko ramli ya mzee wa Rufiji, kwa sababu mteja anayeambiwa na bao kwamba jini wa baharini amemkalia anaweza bado kwenda kupima. Aliyepewa karatasi yenye namba anaamini ameshapimwa.

Hapo ndipo nilipo na hoja yangu. Kwa miaka yote tumebishana kuhusu asili na kisasa, imani na sayansi, chetu na cha wazungu. Mabishano hayo hayajamwokoa mtu. Swali linalofaa kuulizwa ni moja: nani ametaja jina la ugonjwa, akapokea pesa, bila kupima chochote? Awe na tunguri, awe na kipaza sauti, awe na kompyuta, kosa ni lilelile.

Sheria zetu hazijakaa hivyo. Mkoloni alituachia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotaka kufuta imani kwa kifungo. Haikufuta. Baada ya Uhuru tukageuka: mwaka 1974 kitengo cha utafiti wa tiba asili kikaanzishwa Muhimbili, ambacho leo ni taasisi kamili ndani ya chuo kikuu cha MUHAS, na mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala iliyounda Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Hatua nzuri. Lakini kila yanapotokea maafa tunarudi kwenye rungu. Januari 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wote. Januari 2015 ikapigwa marufuku ramli chonganishi, na hadi Machi polisi walikuwa wamekamata watu zaidi ya 200. Desemba mwaka huohuo Naibu Waziri wa Afya, Hamisi Kigwangalla, akazuia matangazo ya tiba asili redioni na kwenye televisheni. Matangazo yakahamia kwenye simu, na huko hakuna mhariri.

Ramli chonganishi, ile inayomtaja jirani kuwa ndiye aliyekuroga, ni jinai na ibaki kuwa jinai. Vikongwe wenye macho mekundu wameuawa kwa ajili yake, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Hilo halina mjadala. Mjadala ni kuhusu waliobaki, ambao rungu linawapiga pamoja na wauaji. Marufuku ya jumla inamficha mganga mwema na mbaya kwa kiasi kilekile. Isitoshe, Serikali yenyewe haina uso wa kumkaripia mwananchi: Mei 2020 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alipanda ndege hadi Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba ya corona iliyokuwa haijathibitishwa popote, na nyumbani tukahimizwa kupiga nyungu.

Wapo watakaoniambia mitishamba ni uongo mtupu. Hao nao wanakosea. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Tanga. Dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliianza mwaka 2006 na ambayo kila mzazi wa Temeke ameshampa mtoto, ina kiini kilichotoka kwenye mmea wa artemisia. Mwanasayansi Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, aliyoianza kwa kupekua vitabu vya kale vya tiba vya Kichina. Kilichoufanya mmea ule kuwa dawa ni kazi ya miaka: kutenga kiini, kupima kiasi, kujua kinamdhuru nani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri watu wachemshe majani ya artemisia nyumbani kutibu malaria. Chupa ya maji ya kahawia inayouzwa Tandika, hata kama ina kitu cha kweli ndani yake, haikuambii kipo kiasi gani, na figo hazijui tofauti ya cha asili na cha kiwandani. Dawa za nguvu za kiume ndizo mbaya zaidi. Katika nchi nyingi, unga wa aina hiyo unaouzwa kama mitishamba umekutwa umechanganywa kwa siri na sildenafil, dawa ya hospitali, ambayo kwa mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya nitrati inaweza kuua. Anayenunua vumbi la Kongo akidhani anakimbia kemikali huenda anazinunua bila cheti.

Sasa, kwa nini watu wanakwenda? Jibu la umaskini ni jepesi mno, maana mganga wa nyota ya biashara hutoza zaidi kuliko zahanati. Katika zahanati ya kata unakaa benchi tangu alfajiri, unaingia, daktari hajainua macho, umetoka. Mganga anakuuliza umelalaje, nani amefariki kwenu, mkeo anasemaje. Anakupa saa nzima. Na anajibu swali ambalo daktari hana jibu lake: kwa nini mimi, na si jirani?

Degedege linaonyesha jambo hili vizuri. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliandika jinsi mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho kwa malaria kali alivyopelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa kinyesi cha tembo, kwa kuwa wazazi waliamini hilo ni la shetani na kwamba sindano ingemuua. Mtoto alifika hospitali amechelewa, akafa baada ya kuchomwa sindano, na imani ikapata ushahidi wake. Kumkamata mganga huyo kusingebadilisha kitu. Kumfundisha aseme, “Mimi nimemaliza sehemu yangu, sasa mkimbizeni hospitali,” kunabadilisha kila kitu, kwa sababu yeye ndiye anayeaminiwa usiku ule.

Tanga walilielewa hili mapema. Kuanzia mwaka 1990, madaktari na waganga walikaa pamoja chini ya kikundi kilichojulikana kama TAWG, wakihudumia watu wenye virusi vya Ukimwi wakati ARV hazijafika kwa mtu wa kawaida. Dawa za mitishamba zilitumika kwa vidonda, kuhara na kukosa hamu ya kula, na mgonjwa hakuambiwa amepona virusi. Kila mmoja alijua mwisho wa kazi yake.

Linganisha na kinachotokea kwenye majukwaa ya mahubiri. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana mjini Moshi katika ibada ya Mtume Boniface Mwamposa, ambaye ibada zake za Kawe hujaza maelfu, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Msajili wa mganga wa tiba asili ni Baraza, chini ya Wizara ya Afya. Msajili wa kanisa au jumuiya ya Kiislamu yuko Wizara ya Mambo ya Ndani. Kifaa tiba kiko kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mgonjwa ni mmoja, lakini aliyemwahidi uponyaji anaangaliwa na ofisi tofauti kulingana na kanzu aliyovaa, na mara nyingi haangaliwi na yeyote.

Ninachopendekeza hakihitaji taasisi mpya. Wizara ya Afya iandike kanuni moja inayowabana wote: asiye na leseni ya kupima asitaje ugonjwa kwa malipo, na yeyote, pamoja na mwenye leseni ya Baraza, anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ashtakiwe kama anavyoshtakiwa daktari feki. Mashine za kushika kiganjani ziondolewe barabarani wiki hii, hazihitaji tume. Na kwa kuwa Serikali imeanza kuingiza tiba asili katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa, iwape waganga waliosajiliwa fomu ya rufaa na namba ya simu ya zahanati iliyo karibu. Wengi wa wagonjwa wa hospitali ya kansa ya Ocean Road wanafika kansa ikiwa hatua ya tatu au ya nne, na wapo ambao kabla ya kufika walipita kwa mtu aliyewaambia uvimbe ule ni wa kurogwa.

Nawe msomaji, usisubiri kanuni. Mtu akikutaka uache vidonge vya presha, vya kisukari au ARV ili dawa yake ifanye kazi, chukua pesa yako uondoke. Usajili wa mganga huanzia serikali ya mtaa. Nenda kwa mtendaji wako, umuulize kama jina la mtu huyo limewahi kupita mezani kwake.