Manne ya Lang na Kiti cha Marehemu Kaka



Mhariri wa kitabu chetu ameniomba mwaka huu niandike juu ya mpira, naye anajua vyema kwamba mimi nikishika kalamu juu ya mpira ni tabu kuiweka chini. Nimemwahidi kuwa sitapindukia kurasa nilizopewa. Rai yangu ni moja tu: mtu anayekaa Portsmouth, na watoto wake wanasoma skuli za Portsmouth, basi timu yake ni Portsmouth, hata ikiwa mkiani. Najua wako watakaonicheka. Nawaomba wanisikilize kwanza, kisha wacheke.

Nianze na Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024, tulipocheza na Coventry hapa nyumbani Fratton Park.

Wasiofuata mpira wajue hali ilivyokuwa. Mwezi wa Aprili mwaka huo timu yetu ilitwaa ubingwa wa daraja la tatu ikapanda la pili, baada ya miaka 12 ya kuzunguka huko chini. Mji mzima ulisherehekea. Msimu ukaanza kwa sare ya 3-3 na Leeds kwao, tukajipiga vifua. Kumbe ilikuwa nguvu ya soda. Agosti ikapita bila ushindi, Septemba ikapita, na Oktoba nayo ikakaribia kwisha ndipo tukashinda mara ya kwanza. Tarehe 2 Oktoba tulikwenda Stoke tukapigwa 6-1, na kijana mmoja wao, Tom Cannon, akatufunga manne peke yake. Hapa nyumbani tulingoja mpaka Novemba kuifunga Preston 3-1. Desemba ilipofika tungali mwishomwisho mwa orodha, na neno lililokuwa midomoni mwa watu ni kushuka daraja.

Nyumbani kwangu kulikuwa na neno jengine. Mimi na marehemu kaka yangu tulikuwa na viti viwili vya msimu, bega kwa bega. Alipofariki, kiti chake sikukiacha. Nakilipia na kumpeleka mjukuu wangu. Mkwe wangu, mama wa kijana huyo, alinijia kwa adabu yake akasema, "Baba, gesi imepanda, umeme umepanda, na timu yenyewe haishindi. Kwa nini tusikiache kile kiti kimoja?" Sikuwa na jibu la hesabu. Kijana naye ni shabiki wa Manchester City, kama wenzake wote wa skuli. Siku ile ya Coventry alikuwa anavaa viatu polepole kama anayepelekwa kwa daktari wa meno. "Babu, kwani lazima twende? Tutafungwa tena."

Na juu ya hayo, shemeji yangu anayekaa Coventry, ambaye wengi wenu mnamjua kwa utani wake, alinipigia simu Ijumaa usiku. "Shemeji, tayarisheni pakacha, kesho tunakuja kuchuma magoli." Timu yao ilikuwa imepata kocha mpya, Frank Lampard, haijatimia hata mwezi, naye shemeji alikuwa anajiona yuko peponi.

Basi magoli yalichumwa kweli, lakini aliyechuma ni Callum Lang. La kwanza Lang, la pili Lang, la tatu Lang, la nne Lang. Nne kwa moja! Mtu mmoja, manne, kama tulivyofanyiwa sisi Stoke. Bwana mmoja Mwingereza anayekaa mbele yetu, ambaye kwa miaka yote tumekuwa tukipeana salamu za kichwa tu, aligeuka akanikumbatia, kisha akamwinua mjukuu wangu juu. Kijana alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Njiani kurudi hakutaja Manchester City hata mara moja. Nilipompigia simu shemeji, haikupokelewa. Ilipokelewa Jumatatu.

Sasa nisije nikaambiwa nimelewa furaha. Ushindi mmoja hauiokoi timu. Hata usiku ule nilijua kwamba timu inayomtegemea mtu mmoja afunge yote ina hatari yake, na kwamba ukuta wetu wa nyuma ulikuwa bado unavuja. Nilichokiona siku ile ni kwamba wale vijana walikuwa hawajakata tamaa, wala watu waliojaza kiwanja kile cha watu wasiofika 21,000. Na haba na haba hujaza kibaba. Machi 2025 walikuja Leeds, waliokuja kuwa mabingwa, tukawafunga 1-0. Mfungaji alikuwa Colby Bishop, ambaye kabla ya msimu kuanza alipasuliwa moyo. Msimu ulipokwisha tulikuwa nafasi ya 16 kwa pointi 54, na daraja tukalihifadhi.

Wenzangu wa umri wangu wataniuliza, tangu lini kiwanja cha Waingereza kikawa chetu? Swali hili ni la haki. Viwanja vya mpira vya nchi hii katika miaka ya 1970 na 1980 havikuwa mahala pa watu wa rangi yetu. Siku ya mechi tulikuwa tukiwaita watoto ndani mapema na kubadilisha njia ya kwenda dukani. Kaka na mimi tulisikiliza matokeo kwenye redio, huku tukizungumza mpira wa Mnazi Mmoja. Sikusahau, wala simlaumu asiyesahau.

Lakini mambo yalibadilika. Mei 2008 Portsmouth ilitwaa Kombe la FA kwa bao la Kanu wa Nigeria, akiwa pamoja na Mnigeria mwenzake Utaka na Muntari wa Ghana. Siku ile vijana wetu walitoka na jezi za buluu bila ya kuogopa mtu. Kisha ikaja dhiki. Mwaka 2010 madeni yakaifilisi timu, na kufikia 2013 ilikuwa imeporomoka mpaka daraja la nne. Matajiri walikuja na kuondoka. Walioinusuru mwaka ule ni mashabiki wenyewe, zaidi ya watu 2,000, kila mmoja akinunua hisa ya pauni 1,000. Waliimiliki mpaka 2017, wakaiuza kwa Mmarekani Michael Eisner baada ya wenye hisa kupiga kura. Hawakuingojea timu ishinde ndipo waipende.

Hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Kupenda timu inayoshinda kila wiki si dhambi, na City wa mjukuu wangu ni mafundi, sibishi. Lakini mapenzi yale hayamgharimu kitu. Timu unayoiendea kwa miguu ndani ya baridi, ikafungwa, ukairudia wiki ijayo, ndiyo inayomfundisha mtoto subira, na ndiyo inayomfanya jirani asiyemjua amwinue juu. Hili nawaambia na ndugu zetu wa Leicester, Birmingham na London. Tizameni timu za miji yenu.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, nalisema na hili. Mikutano yetu ya jamaa nayo imekuwa mkiani. Siku ya harusi ukumbi haututoshi. Siku ya kuhesabu michango ya mazishi tunakuwa watu tisa na birika la chai. Mkijisikia nimewagusa, basi nimewakusudia.

Kiti cha kaka nimekilipia tena. Mkwe wangu hakusema kitu, ila siku ya mechi ya mwanzo alitufungia mandazi matatu: mawili yetu, na la tatu, alisema, tumpe yule bwana wa mbele.

Shemeji, karibu Fratton wakati wowote. Pakacha tunalo.

Wassalaam.