Rufaa Huanzia Mlangoni

Wakazi wengi wa Manundu, na jirani zetu wa Handeni, huamini kwamba rufaa ya jinai ni shughuli ya Mahakama Kuu kule Tanga, na kwamba mtu akishahukumiwa Korogwe ndipo jamaa wachange wamtafutie wakili. Imani hiyo ni ya hatari. Kesi ya kitu kilichokutwa nyumbani, iwe bangi, mirungi au nyara za Serikali, huamuliwa kwa sehemu kubwa saa ile askari wanapobisha hodi, kwa sababu majaji wa rufaa hawaji kuipekua nyumba upya. Wao husoma mwenendo wa kesi, na lisiloandikwa humo ni vigumu kulileta baadaye.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za vifungu tulizozizoea miaka mingi, kinataka upekuzi uwe na idhini, na kila kinachochukuliwa kitolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye nyumba au aliyemo, pamoja na mashahidi. Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya macheo na machweo, isipokuwa mahakama iruhusu vinginevyo. Katika Rufaa ya Jinai Na. 384 ya 2008 Mahakama ya Rufani ilieleza maana ya saini hizo: zinaonyesha kwamba kitu kimetoka pale panapotajwa na si kwingineko, na hivyo kupunguza malalamiko ya watu kubambikiwa. Kwa hiyo karatasi ile humlinda askari mwaminifu sawasawa na mtuhumiwa asiye na hatia.

Wapo wanaouliza kwa uchungu: je, muuza dawa za kulevya aachiwe kwa kukosekana saini moja? Swali hilo ni la haki, kwani watoto wanaoharibiwa na dawa hizo ni wetu. Lakini sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 169 kinamtaka hakimu apime uzito wa kosa, haja ya kuhifadhi ushahidi na ukubwa wa ukiukwaji, na mzigo wa kuishawishi mahakama iupokee unabaki kwa anayetaka upokelewe. Katika Rufaa Na. 67 ya 2010 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba si kila kosa la utaratibu hufuta ushahidi. Wengine hutaja dharura, nayo kifungu cha 42 kinaitambua. Ila dharura huthibitishwa, haitamkwi tu. Polisi aliyepewa taarifa mapema na akawa na wasaa wa kuomba hati ataeleza nini mbele ya majaji? Katika Rufaa Na. 390 ya 2019 upekuzi wa nyumba uliofanywa bila hati, na bila dharura ya kweli, haukupona.

Ndiyo maana ninawasihi wenyeviti wa mitaa na vitongoji, ambao ndio huitwa kuwa mashahidi huru. Mwenyekiti, usifike kitu kikiwa tayari mezani, ukaambiwa utie saini. Ingia na askari, ona kinapotolewa, soma kilichoandikwa, na usisaini usichokiona, hata aliyeshikwa awe hasimu wako. Naye mshtakiwa asikae kimya kielelezo kinapotolewa mahakamani: hapo ndipo pa kupinga, na pa kumhoji shahidi nani alikuwepo, saa ngapi, na kitu kilikaa mikononi mwa nani hadi kufika mahakamani. Asipohoji, majaji wanaweza kumhesabu kuwa amekubali. Na kielelezo cha maandishi kikishapokelewa ni lazima kisomwe kwa sauti ili akielewe. Kisiposomwa, kinaweza kuondolewa kwenye kumbukumbu, ingawa maneno ya mashahidi walioshuhudia yanaweza kubaki na kumtia hatiani. Akihukumiwa na mahakama ya wilaya, ana siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha hati ya rufaa, na siku hizo huhesabiwa hata kama jamaa bado wanachangishana.