Mwenye bunduki aulizwe yeye, si mji mzima

Juzi wanafunzi wangu waliniuliza swali zito: mtu apitaye sokoni Garissa na bunduki begani, asimtishe mtu wala kufyatua risasi, ana kosa gani?

Swali hilo limewasumbua hata Wamarekani. Mnamo Septemba 2010, polisi wa Madison, jimbo la Wisconsin, waliwashtaki kwa fujo watu watano waliokuwa mkahawani, bastola zao zikionekana viunoni. Mwaka uliofuata jimbo hilo likaandika katika sheria kwamba kubeba silaha pasipo nia mbaya si fujo. Kwao silaha ni haki ya kikatiba. Kwetu Kenya ni idhini tu, itolewayo na kuondolewa. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, yamtaka raia awe na cheti, na humwadhibu abebaye bunduki akiwa amelewa au akifanya fujo. Aidha, Kanuni ya Adhabu yamkataza mtu kujitokeza hadharani na silaha pasipo sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu.

Hofu ya nani? Mtoto aliyezaliwa Garissa amezoea kuwaona askari wa akiba wakipita na bunduki, pengine wamefunga kikoi tu, hashtuki. Mwalimu aliyetoka Kisii hushtuka, na ana sababu. Katika basi la Mandera, tarehe 22 Novemba 2014, waliuawa abiria 28, walimu wakiwamo. Chuo Kikuu cha Garissa kilipoteza watu 148 mnamo Aprili 2, 2015. Kamuthe, Januari 2020, wakauawa walimu watatu. Shtaka dogo la fujo lisingewazuia wauaji hao. Lakini mji uliozoea bunduki isiyoulizwa humtambuaje mgeni aliyeibeba?

Sisemi askari wa akiba wanyang'anywe silaha. Mwaka 2019 serikali ilipokusanya bunduki zao katika kaunti kadhaa za wafugaji, kilio cha kuachwa wazi kilisikika, nacho kilikuwa cha haki, kwani kituo cha polisi kiko mbali na kisima. Ninachotaka ni sare, beji yenye nambari, na daftari kituoni. Na yule atakayekutwa kibandani akitafuna miraa, bunduki magotini, bila kazi aliyotumwa, ashtakiwe yeye mwenyewe.

Yeye mwenyewe, nasema, kwa kuwa mkoa huu unaijua adhabu ya aina nyingine. Hali ya hatari ilidumu hapa tangu 1963 hadi 1991. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa kwa risasi mjini Garissa, mtaa wa Bulla Karatasi uliteketezwa, na wakazi wakakusanywa katika uwanja wa shule ya msingi bila chakula wala maji. Bunduki zilikuwa za wachache. Walioadhibiwa ni wote. Waliokuwa watoto siku zile ndio wazazi na mababu wa wanafunzi wetu, na wakisikia kuna msako wa silaha hufunga milango, hata yule mwenye habari muhimu.

Hatuhitaji sheria mpya. Sura ya 114 ipo, na mahakama iko papa hapa mjini. Ofisa amsimamishe mtu mmoja, amwulize kwa adabu cheti chake na kituo alikosajiliwa. Akikosa jibu, amfikishe kwa hakimu siku ya pili.