Shingo Nayo Iulizwe

Mwanamke akifika kliniki na kusema damu ya hedhi imemzidi, safari yake inajulikana tangu mlangoni: kipimo cha mimba, wingi wa damu, ultrasaundi, kisha vidonge vya kupanga uzazi "kurekebisha homoni". Akiwa anatumia sindano ya uzazi wa mpango, lawama zote huishia kwenye sindano. Ikionekana faibroidi, hata ndogo isiyo na makosa, shauri limekwisha. Homoni gani hasa imeharibika, na inatoka wapi, haulizi mtu. Toleo hili tumelitenga kwa tezi ya shingo, yaani thairoidi, ambayo madaktari wetu wengi huikumbuka pale tu inapovimba.

Tezi hiyo ikilegea, ubongo huikazia amri ifanye kazi zaidi. Amri hiyohiyo huamsha prolaktini, homoni ya maziwa, nayo huvuruga upevukaji wa yai. Yai lisipopevuka hakuna projesteroni ya kutosha. Ukuta wa ndani wa kizazi huendelea kunenepa, halafu hubomoka bila mpango. Tena damu yenyewe huweza kuchelewa kuganda. Tezi ikizidisha kasi mambo hugeuka: hedhi aghalabu huwa haba, au hukatika kabisa. Si habari mpya. Karl von Basedow, daktari wa Kijerumani, alikwisha kuandika mwaka 1840 juu ya kukosa hedhi kwa wanawake wenye ugonjwa huo.

Je, kila anayetoka damu nyingi apimwe TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya tezi? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018 unasema hapana: apimwe mwenye dalili nyingine za tezi. Nakubali, maana kipimo kina gharama na wengi watakutwa wazima. Lakini mwongozo huo unadhani kuna mtu aliyeziuliza hizo dalili. Kwenye foleni inayofika nje ya geti, nani anamuuliza mama kama anajifunika blanketi wakati wenzake wanajipepea? Kama choo kimekuwa kigumu, sauti imekwaruza, nywele zinabaki kwenye kitana? Naye hasemi, kwa kuwa kila moja ameshaitafutia sababu: uchovu ni kazi, unene ni uzazi, usahaulifu ni watoto. Hoja yangu ni hiyo: tusimpime kila mtu, ila tumuulize kila mtu, na tufanye hivyo kabla hajasafishwa kizazi, sembuse kabla ya kukiondoa. Faibroidi na tezi iliyolegea huweza kukaa kwa mwanamke mmoja. Kuiona ya kwanza hakuifuti ya pili.

Shingo nyembamba isitulaghai. Goita tumezoea kuihusisha na uhaba wa madini joto katika nyanda za juu, na chumvi yenye madini hayo imesaidia sana. Ila tezi inaweza kushambuliwa na kinga ya mwili wenyewe, ikadhoofika bila uvimbe wowote. Mwenye tezi ya namna hiyo, chumvi haitamponya.

Dawa yake, levothairoksini, ni ya zamani na inafahamika vizuri. Inamezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, angalau nusu saa kabla ya kifungua kinywa, na TSH hupimwa tena baada ya wiki sita hadi nane. Sasa fikiria mama aliyevuja damu miezi kadhaa: karibu kila mara atapewa pia vidonge vya kuongeza damu. Madini ya chuma yaliyomo huishika levothairoksini tumboni isifyonzwe. Akivimeza vyote pamoja na chai ya maziwa, kama wengi wafanyavyo, atarudi na TSH ileile, ataongezewa dozi, na atasomewa kwamba hafuati masharti. Dawa hizo mbili ziachane kwa muda wa saa nne. Dirisha la dawa ndilo mahali pa kumwambia, kwa mdomo na kwa maandishi juu ya bahasha ya dawa.