Boli Haikufa Nyeri, Ilikosa Mtu wa Kuiandika

Ukikaa kwa kinyozi yeyote Nyeri dakika kumi, utaambiwa mambo mawili: mvua siku hizi haieleweki, na boli ilikufa zamani. La kwanza nakubali. La pili ndilo limenileta hapa leo.

Mnawajua hawa wazee. Wako Majengo, wako Kamakwa, wako stejini Karatina wakingoja matatu ijae. Ukipita tu na jezi ya Harambee Stars, wanaanza. "Nyinyi mnajua nini? Mlimwona Mahmoud Abbas?" Halafu unapewa somo zima: Abbas akiruka, Mbotela akipaza sauti redioni, kijiji chote kimezunguka redio moja ya betri. Peter Dawo, 1987. Joe Kadenge, kwa wale wenye mvi zaidi. Ukijaribu kumtaja Olunga unaangaliwa kama umetusi ukoo.

Niseme mapema: hizo stori nazipenda. Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, kuna watu wazima mtaani kwetu walionyamaza siku nzima. Nikaelewa kwamba walikuwa wanazika pia kipande cha utoto wao, jioni za kukazana kusikia mechi huku betri inakufa. Hiyo siwezi kuicheka.

Shida yangu ni pale kumbukumbu inapogeuzwa kiboko cha kuchapa vijana. Kama ni hivyo, basi tuhesabu.

Kenya imecheza AFCON mara sita: 1972, 1988, 1990, 1992, 2004 na 2019. Zile nne za kwanza, zile za "enzi zetu", hatukushinda mechi hata moja. Ushindi wa kwanza kabisa ulikuja Tunisia 2004, kocha akiwa Jacob "Ghost" Mulee, tulipoichapa Burkina Faso 3-0. Wafungaji: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Wa pili ulikuja Cairo 2019, 3-2 dhidi ya Tanzania, Olunga akitia mawili. Ni hizo mbili tu, na zote zimetokea nikiwa hai. Ya kwanza nilikuwa bado nabebwa mgongoni, lakini nihesabieni.

Wazee nao wana haki yao, siwanyimi. Harambee Stars walibeba CECAFA miaka mitatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi Afrika 1987, wakatoka 2-2 na Espérance kule Tunis na 1-1 Nairobi, na hakuna klabu ya Kenya imewahi kurudia. Lakini kumbukeni pia uwanja wa Kasarani ulikuwa mpya wakati huo, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huo huo. Kizazi hicho kilipewa uwanja. Sisi tumepewa lawama.

Na sisi pia tuna zamani yetu, hata kama hatuna mvi. Sisi ni kizazi cha mwisho cha boli ya juala. Mnakumbuka? Unakusanya majuala, unafunga na kamba ya katani, unaichoma kidogo ishikane, mnatoka kucheza kwenye barabara ya mchanga mwekundu mpaka cucu aite mara tatu. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ikapiga marufuku majuala. Sheria ilikuwa nzuri, mitaro ilipumua, siwezi kubisha. Ila mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hajui ile sauti ya juala likigonga ukuta wa mabati.

Sisi ndio wa McDonald Mariga kwenda Inter 2010 na kurudi na medali ya Ligi ya Mabingwa. Sisi ndio wa Victor Wanyama kuruka Novemba 2012 akaipiga Barcelona kichwa, Celtic ikashinda 2-1. Wiki hiyo kila mtoto mtaani alitaka kona, na alitaka kufunga kwa kichwa tu. Tulirudi nyumbani na manundu.

Sasa tuje kwa jambo linaloniuma zaidi, na hili linahusu mlima wenyewe.

Kuna msemo umezoeleka Kenya kwamba watu wa mlima hawajui boli, wao ni biashara na shamba. Tumeurudia mpaka tukauamini sisi wenyewe. Ukitazama historia, utaona ulipotoka. Klabu kubwa za Kenya zilikua juu ya mizizi ya jamii: AFC Leopards ilianza 1964 kama Abaluhya, Gor Mahia ikaja 1968. Mtoto wa kule alizaliwa akikuta timu inamngoja, na wazee wa kumsimulia. Huku kwetu hakukuwa na klabu kubwa ya namna hiyo. Kwa hivyo mapenzi yetu yakaenda Uingereza. Leo nenda kibanda chochote cha mpira kuanzia Othaya mpaka Nanyuki, utapata watu wanaojua namba ya jezi ya Thierry Henry kuliko namba ya kitambulisho chao. Waulize wataje wachezaji watatu waliowahi kuwika mtaani kwao. Kimya.

Na si kwamba hawakuwepo. Thika United ilikaa Ligi Kuu miaka mingi kabla ya kushuka 2018, na ndiyo iliyotupa Francis Kahata, aliyeng'ara Gor Mahia, akaenda Simba kule Tanzania, na alikuwa kwenye kikosi cha AFCON 2019. Murang'a SEAL walipanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Hao wamefika juu, wakaonekana. Je, wale ambao hawakufika?

Guka yangu alifariki mwaka juzi akiwa na timu nzima kichwani. Angekutajia kikosi cha mtaa wao, kuanzia kipa mpaka winga wa kushoto, wote kwa lakabu. Mmoja alikuwa akicheza peku kwenye baridi ya Julai kwa sababu viatu vilimchelewesha. Mwingine alikuwa anatoka kuchuna majani chai, anacheza dakika tisini, anarudi kukamua ng'ombe. Hakuna gazeti liliwaandika. Hakuna picha. Guka alipoenda, timu ilienda naye, wachezaji kumi na mmoja kwa jeneza moja.

Hilo ndilo linanifanya niandike. Nyeri inajua kukumbuka ikitaka. Watalii wanakuja kuona kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki hapa 1941. Tuna bustani ya Whispers, ya kumkumbuka mwandishi Wahome Mutahi. Ukienda Ruring'u utaambiwa hapo ndipo wapiganaji wa Mau Mau walitoka msituni na kuweka silaha chini Desemba 1963. Uwanja wenye historia hiyo yote, lakini muulize mtu ni nani alifunga bao tamu zaidi kuwahi kuonekana pale. Kila mtu ana jibu lake, na hakuna hata moja limeandikwa.

Tena viwanja vyenyewe, wacha tu. Ruring'u na Kirubia ya Chuka viliwekwa kwenye orodha ya viwanja vya kukarabatiwa, kazi ikaburuta miaka. Kinoru ya Meru ilikuwa iandae mechi za CHAN 2018, Kenya ikapokonywa mashindano 2017 kwa kutokuwa tayari. Wang'uru kule Kirinyaga ilipata uwanja wa maana, lakini msukumo ulikuwa sherehe za Mashujaa za 2021. Huku kwetu uwanja hujengwa haraka rais akiwa anakuja. Straika akiwa anakuja, angoje.

Ndio maana nasema boli haikufa. Mwaka 2025 tulipoandaa CHAN na Tanzania na Uganda, Stars waliifunga DR Congo 1-0, Morocco 1-0, Zambia 1-0, wakaja kutolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali. Wale wazee wa kwa kinyozi waliruka juu kuliko sisi. Kumbe moyo bado upo. Mwaka 2027 AFCON inakuja hapa hapa nyumbani.

Kwa hivyo nina maombi mawili, na hakuna linalohitaji pesa.

Wazee wetu, tafadhali mtusimulie bila kututukana. Tukiuliza Dawo alikuwa mzuri vipi, tunataka kujua kweli. Usianze na "nyinyi watoto wa simu". Hiyo simu ndiyo itabeba jina lako na la rafiki zako ukiwa haupo.

Na wewe msee unayesoma hii ukiwa Chaka, Kerugoya, Embu au Nanyuki, wikendi hii mkalishe guka wako, au jirani, au yule fundi viatu anayependa kubishana. Washa kinasa sauti. Muulize mambo manne: timu iliitwaje, ilicheza uwanja gani, nani alivaa namba tisa, na waliacha kucheza kwa nini. Hilo la mwisho msilikimbie, ndilo litawaambia ukweli kuhusu mtaa wenu: karo, kazi Nairobi, goti lililokosa daktari, uwanja uliouzwa. Kisha andika jina na mwaka, uposti.

Halafu Jumapili jioni, kabla mechi ya Arsenal haijaanza, pitia uwanja wa mtaa. Kuna kijana hapo anachezea timu yenye jezi za kuazima. Mjue jina. Miaka arobaini ijayo kuna mtoto atakuuliza, na itabidi uwe na jibu.