Lenzi za kulala nazo: anayeziuza bila kutaja hatari anacheza na macho ya watoto

Goma, Kivu ya Kaskazini – Kwenye simu kunapita matangazo ya lenzi ndogo za macho zinazovaliwa usiku tu. Mtu analala nazo, asubuhi anazitoa, kisha anaona vizuri mchana kutwa bila luneti. Mzazi ambaye mtoto wake haoni ubao shuleni akisikia hivyo anafikiri shida imekwisha. Lakini kwa familia inayochota maji ziwani ao kwenye bomba la kambi, na isiyo na munganga wa macho karibu, jibu ni moja: hapana.

Ukweli usemwe wote. Lenzi hizi si uchawi, wala si uongo. Ni lenzi ngumu zinazopitisha hewa, na kila moja inatengenezwa kwa kipimo cha jicho la mtu mmoja. Usiku zinabonyeza polepole konea, ile sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, mpaka inakuwa bapa kidogo katikati. Hapo asiyeona mbali anaanza kuona mbali. Marekani iliruhusu zivaliwe usiku tangu mwaka 2002, na kwa watoto zinaweza kupunguza kasi ya macho kuzidi kuharibika.

Jambo ambalo wauzaji hawapendi kusema ni kwamba lenzi hizi haziponyi. Mtu akiacha kuzivaa, konea inarudi kama zamani katika siku ao majuma machache. Kila usiku lazima zivaliwe, kila asubuhi lazima zisafishwe kwa dawa yake maalum, na kikebe cha kuzihifadhia lazima kibadilishwe mara kwa mara. Kuna wanaoona duara za mwangaza kuzunguka taa usiku. Kuna wanaokauka macho, na wengine konea inachubuka. Hayo ni madogo.

Kubwa ni kuoza kwa konea. Jicho lililofumbwa linapata hewa kidogo, na likiwa na lenzi ndani linapata kidogo zaidi. Mchubuko mdogo tu unafungulia vijidudu mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto na vijana wa Asia ya Mashariki, hasa China, waliumia kwa njia hiyo wakati biashara hii ilikuwa haijasimamiwa vizuri. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikusanya visa 50 vya kwanza. Wengi wa wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 9 hadi 15. Karibu asilimia 30 ya visa vilitokana na akantameba, kimelea kinachoishi ndani ya maji na udongo. Matibabu yake yanachukua miezi, na kovu linaweza kumwacha mtoto bila jicho hilo.

Hapo ndipo maneno ya muuzaji yanapokwama. Akantameba inakaa hata kwenye maji ya bomba ya miji tajiri. Klori inayotiwa ndani ya bidoni kando ya ziwa Kivu inasaidia sana kuzuia kolera, lakini kimelea hiki kikijifunga ndani ya gamba lake kinaivumilia. Maji yanayofaa kunywa hayafai kusuuza lenzi. Hata mate hayafai. Sasa mama mwenye bidoni moja ya maji kwa watu saba, dawa ya lenzi ikimwishia, atasuuza na nini?

Wengine watajibu kwamba hatari ni ndogo. Ni kweli, uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria watoto karibu 14 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo ilitoka kwa watu wanaotunzwa na wataalamu, wanaorudi kupimwa asubuhi ya kwanza, tena baada ya juma, tena kila baada ya miezi kadhaa. Huko huko malipo kwa kawaida yanapita dola 1,000. Anayeleta lenzi bila vipimo hivyo hawezi kujificha nyuma ya hesabu hiyo.

Wengine watasema luneti zinavunjika, na zinapotea watu wakikimbia vita. Hilo kila familia iliyohama inalijua. Lakini risasi zikilia usiku, nani atakumbuka chupa ya dawa na kikebe cha lenzi? Baada ya siku chache njiani mtoto haoni tena vizuri, na luneti zake za zamani huenda zisimfae mpaka konea itulie. Luneti ikichafuka barabarani inapanguswa na kitambaa safi, safari inaendelea. Na hata ikipotea, haikuacha kidonda.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni moja duniani wana shida ya kuona ambayo ingeweza kuzuiwa ao bado haijatibiwa. Wengi wao wanahitaji luneti tu. Watoto wa Kivu wanahitaji kupimwa macho shuleni na kambini, na luneti za bei ambayo mzazi ataiweza. Viongozi wa afya waanze hapo. Na wamuulize kila muuzaji wa lenzi maswali matatu: nani alipima jicho hili, atalipima tena siku gani, na likiuma usiku mgonjwa apelekwe wapi? Asiye na majibu afunge biashara.

Kwa anayevaa lenzi tayari: jicho likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwangaza ao likianza kuona ukungu, atoe lenzi mara moja wala asiirudishe. Aende hospitali siku hiyo hiyo, na abebe lenzi pamoja na kikebe chake ili vipimwe. Asitie maziwa ya mama, wala majani, wala dawa ya matone ya sokoni, kwa sababu baadhi ya matone hayo yanatuliza maumivu huku kidonda kikizidi kuchimba.

Luneti inachekwa shuleni kwa siku chache. Jicho lililooza halirudi.