ZILIPENDWA AMEONDOKA, RIMOTI YA GETI BADO ANAYO: Mzee wa Watu Kaponzwa na Kitufe

Ubuyu wa wiki hii umetoka Singida, na safari hii hauhusu alizeti wala kuku wa kienyeji. Unahusu rimoti.

Staa mmoja wa kike, jina kapuni, mwenye wafuasi wa kutosha Instagram na TikTok, alirudi nyumbani kwao Singida akashusha mjengo wa maana pembezoni mwa mji. Wadau wanaukumbuka: ukuta mrefu, kamera kila kona, na geti la kuteleza linalojifungua lenyewe. Video ya siku geti linazinduliwa ilitembea hatari. Staa kakaa kwenye ndinga, kanyoosha rimoti, geti likaenda taratibuuu, mashosti wakapiga vigelegele. Pembeni alisimama bwana'ke wa wakati huo, naye jina kapuni, ameshika rimoti ya pili. Hiyo ya pili ndiyo iliyozaa haya yote.

Penzi likaja kuvunjika. Kama kawaida ya mastaa wa Bongo, picha zote za jamaa zikafutwa, namba ikablokiwa, ukaandikwa ujumbe mrefu wa "nimejichagua mimi". Pole zikamiminika mpaka basi.

Wiki mbili baadaye, saa saba usiku, geti likafunguka. Jamaa akaingiza gari mpaka barazani, akabeba spika kubwa na begi alilodai ni lake, akageuza, akaondoka. Hakuvunja kufuli wala hakuruka ukuta.

Asubuhi staa akaingia laivu analia. Mtuhumiwa wa kwanza akawa mzee anayelinda pale tangu nyumba ikiwa msingi. Mzee akajitetea kwamba alikuwa upande wa tenki la maji, akasikia mota inavuta, akaona gari analolijua, akadhani mama mwenye nyumba kampigia mgeni simu aje. Watu wakamcheka. "Eti geti limefunguka lenyewe, babu wewe!" Akafukuzwa kazi kamera ikiwa inarekodi, mshahara wa mwezi haukutajwa.

Siku tatu baadaye jamaa mwenyewe akatupia picha ya funguo za gari juu ya meza. Wadau wana macho ya kunguru. Wakazumu, wakaona rimoti nyeusi ya vitufe vinne inaning'inia, ile ile ya kwenye video ya uzinduzi. Tangu hapo staa kimya, jamaa kimya. Mzee yuko nyumbani kwake, hana kazi.

MITANDAONI WAMEKOSEA PANDE ZOTE

Timu staa wanasema jamaa ni mwizi tu. Timu jamaa wanasema kaenda kuchukua vitu vyake, kosa liko wapi? Kundi la tatu linasema yote ni kiki, kuna wimbo unakuja.

La jamaa liko wazi. Kuwa na rimoti si kuwa na ruhusa. Mtu aliyeambiwa asikanyage tena, akaingia usiku wa manane kwenye nyumba ya mwenzake, amefanya jambo ambalo sheria ya nchi inalo jina lake, hata kama spika aliinunua yeye. Alikuwa na njia ya kudai vitu vyake mchana, mbele ya mjumbe au ndugu wa pande zote mbili.

Lakini staa naye asijifiche nyuma ya machozi. Amembloki jamaa kila mahali kasoro sehemu moja tu inayofungua nyumba yake. Na aliposhtuka, badala ya kuuliza "hivi rimoti ziko ngapi na nani anazo?", akamgeukia mtu mnyonge kuliko wote pale.

Inasemekana fundi mmoja keshamshauri anunue mota mpya kabisa. Wadau, huo ni upigaji. Mota haina kosa. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi, na mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe.

RIMOTI INAVYOFANYA KAZI, KWA LUGHA YA MTAANI

Wengi wanadhani rimoti ni kama ya TV, kwamba ikiwa ya kampuni ile ile itafungua tu. Sivyo. Ndani ya boksi la mota kuna kipokezi chenye orodha ya rimoti kinazozitambua. Ukibonyeza, rimoti inarusha namba yake hewani. Namba ikiwemo kwenye orodha, geti linafunguka. Kipokezi hakijui mmeachana, wala hakisomi Instagram. Kinachojua ni orodha tu.

Kuna aina tatu zinazokutwa sana kwenye mageti.

Ya kwanza ni ya kizamani. Ukifungua kifuniko cha rimoti unakuta swichi ndogondogo 8, 10 au 12, kila moja inapanda au kushuka. Mpangilio wa rimoti lazima ulingane na wa kwenye boksi la mota. Zikiwa swichi 8 za kupanda na kushuka, mipangilio yote inayowezekana ni 256 tu. Zikiwa 12, ni 4,096. Inaonekana mingi, lakini kwa mashine ni kidogo sana. Mwaka 2015 mtaalamu wa usalama wa Marekani, Samy Kamkar, alichukua kichezeo cha watoto cha Mattel, akakirekebisha, akaonyesha kinaweza kufungua milango ya gereji ya aina hii ndani ya sekunde zisizofika 10. Kichezeo cha watoto, wadau!

Ya pili haina swichi, ila namba yake ni ile ile siku zote. Hii ndiyo inayokopiwa kirahisi. Rimoti tupu za kukopi zinauzwa, unaziweka karibu na rimoti halisi, unabonyeza, namba imeshahama. Mtu akibaki na funguo zako dakika mbili kwenye kuosha gari, zinamtosha.

Ya tatu ni ya kisasa, namba yake inabadilika kila unapobonyeza. Aliyeinasa namba ya jana, leo haimsaidii. Na msidhani mambo haya yote yametoka Ulaya. Moja ya mifumo maarufu zaidi duniani ya namba za kubadilika, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 kabla ya kununuliwa na kampuni ya Kimarekani. Waafrika walishafikiria tatizo la huyu staa zamani sana.

KUISETI MWENYEWE

Rimoti ikigoma, anza na betri kabla ya kumwita mtu. Rimoti nyingi za geti zinatumia kale kabetri kadogo ka volti 12 kalikoandikwa 23A au 27A. Kuna watu wameuziwa rimoti mpya wakati tatizo lilikuwa betri.

Kama unanunua mpya, tazama masafa yaliyoandikwa nyuma ya rimoti au kwenye bodi ya mota. Nyingi zinasoma megahezi 433, nyingine 315. Ya 315 haitaongea na kipokezi cha 433 hata ukibonyeza mpaka kesho. Na aina ya namba lazima ilingane pia, si masafa tu. Nenda dukani na rimoti ya zamani mkononi au picha ya bodi, usiende na maelezo ya mdomo.

Kisha kazi yenyewe. Watoto wakae mbali na geti, gari lisiwe njiani. Fungua kifuniko cha boksi la mota, usiguse waya wowote, maana umeme wa TANESCO umo humo na hauna urafiki. Kama kuona tu ndani kunakutia hofu, muite fundi, ila simama pembeni uone anachofanya. Tafuta kitufe kidogo karibu na kitaa, mara nyingi pameandikwa LEARN au CODE.

Hapa ndipo pa kumwondoa zilipendwa. Kwenye mota nyingi unashikilia kitufe hicho kama sekunde 10, kitaa kinawaka halafu kinazima. Maana yake orodha yote imefutwa, rimoti zote zimekuwa plastiki tu. Halafu unabonyeza kitufe mara moja, kitaa kinawaka, na ndani ya sekunde chache unabonyeza rimoti unayotaka iingie. Kitaa kikipepesa, imeingia. Rudia kwa kila rimoti ya watu wa nyumbani. Mota zinatofautiana, kwa hiyo kijitabu chake kisitupwe siku ya kufunga geti kama box la pizza.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapopigwa. Kama rimoti ni ya ile aina ya pili, yenye namba isiyobadilika, na kuna mtu aliikopi, kufuta orodha halafu kuirudisha rimoti ile ile ni kazi bure. Namba ni ile ile, na kopi itafungua vilevile. Lazima uingize rimoti mpya yenye namba mpya. Zile za swichi nazo, badilisha mpangilio kwenye mota na kwenye rimoti zote, na usiache swichi zote zimelala upande mmoja kama zilivyotoka dukani.

Ukimaliza, jaribu rimoti ya zamani. Ikifungua, hujamaliza. Na usisahau ufunguo wa dharura, ule wa kulegeza mota umeme ukikatika ili geti lisukumwe kwa mkono. Kama zilipendwa anao huo, rimoti mpya ni mapambo.

"LAKINI SINGIDA NANI ANA GETI LA UMEME?"

Swali zuri, limeulizwa sana. Ni kweli, Misuna, Mandewa, Utemini, mageti mengi bado yanasukumwa kwa mkono, na mengine hayana hata kufuli la maana. Lakini kila nyumba ina rimoti yake ya aina fulani. Nani anajua nywila ya Wi-Fi yako tangu mkiwa wapenzi? Namba ya siri ya M-Pesa ulimtajia nani siku ile unaumwa? WhatsApp yako imefunguliwa kwenye kompyuta ya nani? Rimoti ya alamu ya pikipiki, ile ya ziada, iko kwa nani?

Zamani mambo yalikuwa yanaonekana. Mtu akihama anarudisha ufunguo, unaupokea mkononi, mmemalizana. Siku hizi ruhusa zinagawiwa kwa kubonyeza, na hakuna anayekumbuka alizigawa wapi. Kuachana kukaishia kwenye kufuta picha. Picha haifungui geti!

MZEE ARUDISHIWE HAKI YAKE

Mapenzi ya mastaa yatapita, wiki ijayo kutakuwa na ubuyu mwingine. Mzee ndiye asiyepaswa kupita hivihivi.

Huyu ni mtu anayekesha kwenye upepo wa Singida, na anayeujua upepo ule wa mwezi wa saba anajua maana yake. Geti lile hakuwahi kupewa rimoti. Hakuwahi kuambiwa nani ana rimoti na nani ameondolewa. Halafu geti hilo hilo likifunguka, anaulizwa yeye. Tajiri anafunga mtambo asioujua, mtambo ukimgeuka, analipa maskini. Na hii haiko Singida peke yake. Dada wa kazi wangapi wamefukuzwa kwa pesa iliyotolewa na mtoto wa nyumba mwenye namba ya siri? Wafanyakazi wangapi wa ndani wameitwa wachawi wa vitu vilivyobebwa na mchepuko?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi mlinzi afukuzwe laivu. Inataka sababu ya kweli na utaratibu wa haki, ikiwemo kumsikiliza mtu. Mfanyakazi anayeona kaachishwa kwa uonevu ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anatakiwa kuwahi ndani ya siku 30. Kama kuna mdau anayemfahamu mzee, amfikishie hilo kabla siku hazijakatika.

Lakini isifike huko. Staa ana simu, ana bando, na watu waliomwona akimdhalilisha mzee wapo hapo hapo kwenye simu. Aingie laivu tena, aseme amekosea, amlipe mshahara wake, amrudishe kazini. Halafu amkabidhi rimoti moja yenye namba mpya, na amweleze ni nani tu anaruhusiwa kuwa na nyingine. Mlinzi asiyejua orodha ya wanaoingia analinda ukuta, si nyumba.

Mashabiki watamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa ile video ya geti.

Haya wadau, uwanja ni wenu: mzee arudishwe au staa alikuwa sahihi? Na kabla ya kumwaga povu kwenye komenti, kila mmoja ahesabu kwanza rimoti na nywila zake ziko kwa nani.